Fimbo, magongo au woka? Anza kwa kujua mfumo wa fahamu umepungukiwa wapi

Baba alipotoka hospitali baada ya kiharusi, sisi watoto tulichanga pesa tukamnunulia kitu cha kifahari kuliko vyote dukani: woka, yaani fremu ya kushikilia unapotembea, ya magurudumu manne, yenye breki za kubana kama za baiskeli, kikapu cha mbele na kijikiti cha kupumzikia. Muuzaji alituhakikishia kwamba hiyo ndiyo bora. Siku ya kwanza sebuleni Baba alisukuma hatua tatu, na ya nne woka ikakata kulia ikagonga kabati la vyombo. Akairudisha. Ikakata kulia tena. Shangazi akashindwa kujizuia: "Kaka, hili gari lako mbona linajiendea lenyewe?" Baba hakucheka.

Woka haikuwa na kasoro. Kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo. Nyuzi za fahamu zinazobeba amri kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli huvuka upande wa pili, karibu tisa kati ya kila kumi, pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo. Ndiyo maana mkono na mguu uliolegea ulikuwa wa kulia. Woka husukumwa kwa mikono miwili, naye alibaki na mmoja. Sukuma mkokoteni kwa mkono wa kushoto peke yake uone unaelekea wapi.

Tulinunua kwa kutazama bei na umri wa mgonjwa. Tangu hapo nimemuuguza pia mama mkubwa mwenye kisukari, na jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuvuruga mwendo. Watu watatu, rika moja, wote "wanayumba", na kila mmoja anafaa kifaa tofauti na mwenzake.

Nani anauzuia mwili usianguke

Mtu aliyesimama hatulii kabisa. Mwili unayumba kidogo mbele na nyuma muda wote, na mfumo wa fahamu unausahihisha kimyakimya. Habari za kufanyia kazi hiyo zinatoka sehemu tatu. Kuna macho. Kuna sikio la ndani, lenye mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, inayohisi kichwa kikigeuka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za chokaa, vinavyohisi kichwa kikiinama au mwili ukienda mbele. Ya tatu watu huisahau: vihisio vilivyomo ndani ya misuli, kwenye kano, kwenye viungo na chini ya nyayo, vinavyouambia ubongo mguu uko wapi bila wewe kuutazama. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeipa hisia hiyo jina lake la kitaalamu, mwaka 1906.

Habari hizo hukutanishwa kwenye shina la ubongo na kwenye serebela, yaani ubongo mdogo ulioko kisogoni. Serebela ni kama sehemu ya kumi tu ya uzito wa ubongo wote, lakini imebeba zaidi ya nusu ya seli za fahamu za ubongo. Inalinganisha ulichokusudia na kinachotokea, kisha inarekebisha. Tena mwili haungoji kuyumba kwanza. Unaponyanyua mkono kuchukua kikombe juu ya kabati, misuli ya miguu na mgongo hujikaza kabla mkono haujainuka, kwa sababu ubongo unajua mkono ukienda mbele uzito utahama nao. Hakuna aliyekufundisha hilo. Ulilipata ulipokuwa unajifunza kusimama, ukianguka kwa makalio mara ishirini kwa siku.

Ndani zaidi ya ubongo kuna viini vinavyoanzisha na kuendesha miondoko ya mazoea: kutembea, kuinuka kitini, kupunga mikono. Hivyo ndivyo vinavyoishiwa dopamini, kemikali ya kupashana habari kati ya seli za ubongo, mtu akipata Parkinson. Tabaka la juu la ubongo hutoa amri za makusudi. Uti wa mgongo hupitisha amri hizo, na mengine unayamaliza wenyewe: daktari akikugonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu unaruka kabla ubongo haujaulizwa.

Kwa hiyo swali la kwenda nalo dukani ni hili: amepungukiwa nini? Nguvu ya upande mmoja? Habari za kutoka miguuni? Ulinganifu wa mwendo? Uwezo wa kuuanzisha? Kifaa kinachoziba pengo moja kinaweza kuongeza jingine.

Fimbo moja

Mimi naanza hapa, na ningependa kila familia ianze hapa, kwa sababu fimbo inadharauliwa bure. Watu wanaiona kitu cha kuegemea tu. Jaribu jambo hili ukiwa karibu na ukuta: panga miguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ufumbe macho. Utayumba. Sasa gusa ukuta kwa ncha ya kidole kimoja, kidogo tu, bila kuegemea. Kuyumba kutapungua papo hapo. Watafiti walikwisha kupima hili: mguso usiofikia uzito wa gramu 100 unatosha, na uzito huo hauwezi kumzuia mtu asianguke. Kinachosaidia ni habari. Kidole kinauambia ubongo mwili unaelekea wapi.

Fimbo ni kidole kirefu. Ndiyo maana mama mkubwa ilimfaa mno. Kisukari cha miaka mingi kimezitia ganzi neva za miguu yake, na neva ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidoleni, ndizo hutangulia kuharibika. Tuligunduaje? Alikuwa akiacha kandambili moja njiani na kuendelea kutembea bila kujua. Pili, alikuwa akiyumba kila anapotawadha. Mikono anaosha vizuri, mdomo vizuri, lakini akifika kwenye uso, akifumba macho maji yasiingie, anapepesuka na kudaka ukuta. Alidhani ni kizunguzungu cha presha. Mtaalamu wa viungo alipomsimamisha miguu pamoja na kumwambia, "Mama, fumba macho kidogo, nimekushika," akaanza kwenda na upande. Kipimo hicho kimeitwa kwa jina la Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19. Maana yake ni nyepesi: miguu haileti habari, mtu anaishi kwa macho, na macho yakifungwa au taa ikizimika hana kitu.

Kwa mtu wa namna hii, bakora ya kawaida inatosha. Haihitaji kubeba uzito wake. Inahitaji kugusa sakafu. Na kuna vitu vingine vitamsaidia kuliko woka yoyote: taa ya usiku njia ya chooni, viatu vya soli ngumu vyenye mkanda wa nyuma badala ya kandambili, na stuli ya kukalia anapotawadha. Kipimo hicho cha macho msikifanye bila mtu wa kumdaka.

Fimbo haifai pale mguu unapokataa kabisa kubeba uzito, au pale mtu anapoanguka kinyumenyume. Haizuii chochote nyuma.

Kuhusu mkono wa kushikia: fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu. Karibu kila mtu anakosea hapa, wakiwemo wenye maumivu ya nyonga na goti. Tunapotembea mkono na mguu wa pande tofauti huenda mbele pamoja. Fimbo ikifuata mpangilio huo inaipunguzia nyonga mbovu mzigo kila hatua. Kimo chake nacho: mtu asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kijikunje nyuzi 20 hadi 30. Fimbo nyingi ninazoziona mtaani ni ndefu mno. Zimerithiwa kwa marehemu aliyekuwa mrefu, na bega la mwenyewe linapanda hadi sikioni.

Fimbo ya miguu minne

Hii ndiyo tuliyoishia nayo kwa Baba. Inashikwa kwa mkono mmoja, inasimama yenyewe anapoiachia ili afungue mlango, na inabeba uzito mkubwa kuliko bakora. Kwa kiharusi kilicholegeza upande mmoja ndiyo chaguo la kwanza la maana, hasa miezi ile ya mwanzo.

Ina masharti. Miguu yote minne lazima iguse chini kwa pamoja, ndipo aegemee. Akikimbiza mwendo, inakanyaga kwa miguu miwili ya nyuma kisha ya mbele, inanesanesa, na hapo inakuwa mbaya kuliko bakora. Kwenye ua wetu wa mchanga iliinama upande mmoja mara mbili tukaamua ni ya ndani na barazani tu. Upande wake ulionyooka uelekee mwilini, ule uliotanuka uende nje. Ukigeuza, mguu wake mwenyewe utaikwaa. Na upime upana wa ngazi zenu kabla ya kununua, maana kitako kipana hakikai kwenye kidato chembamba.

Mpangilio aliofundishwa ni fimbo, mguu dhaifu, mguu mzima. Kwenye ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, fimbo na mguu dhaifu vinatangulia. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikimhesabia kwa sauti. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimepiga kwata kabla hujazaliwa, acha kunihesabia." Lakini aliendelea kuhesabu mwenyewe, nilimsikia. Kurudiarudia huko si kupoteza muda. Ubongo uliopoteza njia moja hujifunza kupitisha kazi kwenye njia nyingine, na haujifunzi kwa mtu kukaa kitini.

Kitu kimoja dukani hawakutuambia: kama ncha ya mguu inakwaruza sakafu kila hatua, fimbo haitaliponya hilo. Kinachotakiwa ni kishikizo cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu na kushika kifundo, chenye kimo na ukubwa wa mguu wake. Mafundi wa kazi hiyo wapo. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha kwa miongo kadhaa, hata kutoka nchi nyingine za Afrika.

Magongo mawili

Hapa nitakwenda haraka, maana kwa wazee mara nyingi si jibu. Magongo yanataka mabega yenye nguvu, mikono miwili mizima na serebela isiyo na hitilafu, kwa kuwa ni kupangilia miguu minne badala ya miwili. Yanawafaa watu ambao ubongo na mikono yao iko sawa lakini miguu ndiyo imeachwa: waliopata polio utotoni, ambayo huua seli za uti wa mgongo zinazoamuru misuli, au walioumia uti wa mgongo sehemu ya chini.

Wapo pia wenye konzo. Huu ni ugonjwa wa vijiji vinavyotegemea mihogo michungu isiyolowekwa au kukaushwa vya kutosha. Umetokea Kongo, Msumbiji na hata Tanzania. Ghafla miguu yote miwili inakakamaa na kubaki hivyo maisha yote, kwa sababu seli za ubongo zinazopeleka amri chini zimeharibika. Jina lenyewe ni la Kiyaka cha Kongo, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa. Wataalamu hupima ukali wake kwa fimbo: anayetembea bila msaada ana konzo nyepesi, anayehitaji fimbo au magongo, moja au mawili, ana ya kati, asiyeweza kutembea ana kali. Sijui ugonjwa mwingine ambao kifaa cha kutembelea ndicho kipimo chenyewe.

Kati ya magongo ya kwapani na yale ya kushika chini ya kiwiko, kwa matumizi ya muda mrefu nachagua ya kiwiko. Ya kwapani yana mtego: mtu akichoka anayaning'inia, gongo linabana neva zinazopita kwapani, na baada ya muda kiganja kinalegea kinashindwa kuinuka. Umekwenda kutafuta mguu, umepoteza mkono. Kama ndiyo yaliyopo, acha nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya gongo na kwapa, na uzito ukae viganjani.

Woka isiyo na magurudumu

Fremu ya aluminiamu ya miguu minne: unainyanyua, unaiweka mbele, unaingia ndani. Kwa uimara haina mpinzani. Aliyevunjika nyonga, au ambaye miguu yote miwili imeishiwa nguvu, itambeba. Lakini tazama kinachotokea kwenye kunyanyua: kwa nusu sekunde mtu hana kifaa, mikono iko hewani, na uzito unaweza kurudi nyuma. Kwa mwenye Parkinson, ambaye tayari mwili wake una tabia ya kuanguka kinyumenyume, hiyo nusu sekunde ndiyo hatari yenyewe. Pia inakata mwendo vipande vipande, nyanyua, weka, piga hatua, na yeye tatizo lake ni kuanza. Unamlazimisha aanze upya kila hatua.

Mwenye hitilafu ya serebela, anayetembea kama mlevi akiwa hajaonja kitu (pombe nayo serebela ndiyo huisumbua, ndiyo maana wanafanana), hutupatupa fremu nyepesi huku na huku. Baadhi yao hutulia wakipewa fremu nzito zaidi, au iliyofungwa uzito chini. Ajaribu mbele ya mtaalamu kwanza. Wengine uzito unawachosha tu.

Pima mlango wa choo kabla ya kulipa. Nimeona fremu nzuri iliyobaki nje ya choo huku mzee akiingia ndani kwa kushika kuta, yaani mahali anapoihitaji kuliko kote. Na choo cha kuchuchumaa hakiendani na kifaa chochote kati ya hivi. Weka bomba la kushikilia ukutani au kiti chenye tundu.

Woka ya magurudumu

Ile yetu ya kifahari ilikaa pembeni miezi minne, nguo zikianikwa juu yake. Kisha tukampelekea mwalimu.

Daktari wa London, James Parkinson, alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1817 aliandika juu ya kutetemeka, lakini pia juu ya mwili kuinama mbele na mtu kuvutwa kutoka kutembea hadi kukimbia bila kutaka. Mwalimu wetu ana vyote. Na ana kile kinachowashangaza wasioujua ugonjwa: anaganda. Anafika mlangoni, au anageuka, na miguu inagota sakafuni kama imepigwa gundi. Nguvu anazo. Mikono mizima. Amri ya kuanza ndiyo haifiki.

Magurudumu yanamfaa kwa kuwa mwendo haukatiki. Ila ile hali ya kuvutwa mbele ina maana woka inaweza kumkimbia, hivyo breki kwake si mapambo. Tulikaa naye barazani asubuhi nzima akijifunza kubana, kusimama, kufunga breki, kugeuka, kisha kukaa. Asingekuwa na akili timamu ya kukumbuka breki, nisingempa. Kwa mtu aliyeanza kusahausahau, magurudumu manne ni hatari. Bora ya magurudumu mawili mbele na miguu ya mpira nyuma, ambayo ukiikandamiza inasimama yenyewe.

Kwenye kuganda, mwanawe alibandika vipande vya utepe mweupe sakafuni karibu na mlango, kama vidato vya ngazi iliyolala. Mzee akifika pale anauvuka mstari na kuendelea. Njia ya mazoea ndani ya ubongo imeharibika, lakini ile ya makusudi, inayoongozwa na macho, bado inapitika. Ukimpa kitu cha kuruka, anapitia huko. Kwa wengine kuhesabu kwa sauti au wimbo wenye mdundo hufanya kazi hiyohiyo.

Nje, magurudumu madogo yanazama mchangani na kunasa kwenye kokoto. Kama njia yenu si ya lami wala saruji, tafuta yenye magurudumu makubwa au usahau.

Ambaye hahitaji kununua kitu

Kama dunia inazunguka kwa sekunde chache kila anapojigeuza kitandani au kutazama juu, kisha inatulia, huenda zile chembe za chokaa za sikioni zimehama na kuingia kwenye mifereji. Mtaalamu anaweza kuzirudisha kwa kumgeuza kichwa na mwili kwa mpangilio maalumu, dakika chache tu, bila dawa. Na mtu aliyeanza kuyumba leo ghafla, uso umepinda au ulimi mzito, huyo anakimbizwa hospitali. Habari za fimbo zitangoja.

Baba sasa ameachana na miguu minne, anatumia bakora moja. Juzi niliigeuza nikatazama mpira wa chini: umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, na kwenye marumaru yenye maji chuma kinateleza kama barafu. Mpira mpya unapatikana kwenye maduka yaleyale ya vifaa vya hospitali, kwa bei ndogo sana. Nenda na ule wa zamani mkononi, maana unene wa fimbo hautofautiani kwa macho, na ukikosea saizi utavuka barabara na fimbo, mpira ubaki katikati ya lami.